Achieng Oneko na Kura za Nakuru

Historia ya siasa za uchaguzi katika Bonde la Ufa haiwezi kuelezwa kikamilifu bila ya kumtaja Richard Achieng Oneko, aliyejulikana na wengi kwa jina la Ramogi. Huyu alikuwa mtu wa Uyoma, kando ya Ziwa Viktoria, ambaye mwaka 1963 alipewa na wakazi wa mji wa Nakuru jukumu la kuwawakilisha katika Bunge la kwanza la Kenya yenye serikali yake. Miaka mitatu baadaye wakazi hao hao walimnyang'anya kiti hicho. Baina ya kura hizo mbili mna kisa kinachostahiki kusimuliwa kwa kirefu, kwani kinahusu si mgombea peke yake bali pia wale waliomfanyia kampeni: vijana, makarani, vibarua wa reli na wanawake wa sokoni waliopita mlango kwa mlango bila ya kulipwa chochote.

Oneko alizaliwa mwaka 1920 katika kijiji cha Tieng'a na kupata elimu yake katika shule ya Maseno, chuo kilichowalea wanasiasa wengi wa Nyanza wa kizazi chake. Baada ya masomo alifanya kazi ya serikali kwa muda, lakini moyo wake ulikuwa katika uandishi wa habari. Katika miaka ya 1940 alikuwa mhariri wa gazeti la Ramogi, lililochapishwa kwa Kidholuo, na ndipo alipopatia lile jina lililomganda mpaka kaburini. Wanahabari wa wakati huo hawakuwa watu wa kukaa ofisini tu. Mhariri wa gazeti la Kiafrika alikuwa pia mhamasishaji, mkusanya michango na mwandishi wa barua za wale wasiojua kuandika.

Kutoka uandishi aliingia katika chama cha Kenya African Union, KAU, akapanda hadi kuwa mmoja wa viongozi wake wa juu. Mwaka 1951 yeye na Mbiyu Koinange walitumwa Ulaya kuwasilisha malalamiko ya Waafrika kuhusu ardhi mbele ya serikali ya Uingereza na mbele ya Umoja wa Mataifa, uliokuwa ukikutana mjini Paris. Safari hiyo haikuzaa matunda waliyoyatarajia. Hata hivyo, inafaa msomaji alikumbuke jambo hili: suala lililompeleka Paris ndilo lililokuja kumng'oa Nakuru miaka kumi na mitano baadaye.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari, na Oneko akakamatwa pamoja na viongozi wenzake wa KAU. Kesi ya Kapenguria iliwahusu watu sita: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa Mjaluo miongoni mwao. Tarehe 8 Aprili 1953 hakimu Ransley Thacker aliwahukumu wote kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu. Mwezi wa Januari 1954, rufani iliposikizwa, hukumu dhidi ya Oneko ilibatilishwa. Kisheria alikuwa huru. Kwa hakika hakutoka, kwani alizuiliwa papo hapo chini ya kanuni za Hali ya Hatari. Hivyo basi, mtu ambaye mahakama yenyewe ya mkoloni ilishindwa kumpata na hatia aliendelea kukaa kizuizini sawasawa na wale waliohukumiwa.

Sehemu ya miaka hiyo aliipitisha katika kambi ya Takwa, kisiwani Manda, mkabala wa Lamu. Wanafunzi wa fasihi watakumbuka kwamba mahali hapo ndipo alipozuiliwa pia Gakaara wa Wanjau, ambaye shajara yake ya kizuizini, iliyoandikwa kwa Kigikuyu, ilipata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Pio Gama Pinto naye alikuwapo. Pinto alikuwa Mkenya mwenye asili ya Goa, ambaye baada ya Manda alihamishiwa Kabarnet katika Baringo na kuwekwa huko chini ya amri ya kutotoka mpaka mwaka 1959. Alipoachiliwa, alijitia katika kazi ya chama kwa namna ambayo wengi hawakuiona: kutafuta fedha za kampeni, kuanzisha magazeti, kuandaa hotuba ambazo wengine ndio waliozisoma. Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilimtegemea sana mtu huyu ambaye mwenyewe hakugombea kiti. Urafiki wa Oneko na Pinto ulidumu, na mauaji ya Pinto, aliyepigwa risasi mbele ya nyumba yake jijini Nairobi tarehe 24 Februari 1965, yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyoufanya mwaka ule kuwa mchungu kwa wale waliokuwa na msimamo mmoja naye.

Oneko aliachiliwa mwaka 1961. Nchi aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Vyama viwili vikubwa vilikuwa vimezaliwa mwaka 1960: KANU, kilichokuwa na nguvu miongoni mwa Wagikuyu na Wajaluo na katika miji, na KADU, kilichowaunganisha viongozi wa jamii zilizohofia kumezwa. Katika Bonde la Ufa KADU kilikuwa na mizizi imara, na Daniel arap Moi akiwa miongoni mwa vigogo wake. Sera yake ilikuwa majimbo. Makao makuu ya Jimbo la Bonde la Ufa yakawa Nakuru.

Nakuru yenyewe ilikuwa mji wa aina yake. Reli ilifika hapo mwaka 1900, na kutoka reli ndipo ulipochipuka mji, baina ya ziwa na mlima Menengai. Walowezi waliufanya kuwa kama mji mkuu wao: chama chao cha wakulima, KFA, kilikuwa na makao yake hapo, na mashamba ya Njoro, Rongai, Molo, Subukia na Solai yaliuzunguka kila upande. Mashamba hayo yalihitaji vibarua, reli ilihitaji wafanyakazi, na kwa sababu hiyo mji ukajaa watu kutoka kila pembe. Palikuwa na Wagikuyu ambao baba zao walikuja kama maskwota. Wajaluo na Waluhya wa reli na viwanda. Wakalenjin wa pande za Rongai na Baringo. Wahindi wenye maduka. Na katika mtaa wa Bondeni, Wanubi na Waislamu wengine waliokuwa wakizungumza Kiswahili nyumbani. Mji wa namna hii usingeweza kufanyiwa kampeni kwa lugha ya mama ya mtu yeyote. Mgombea aliyesimama jukwaani Nakuru alisimama na Kiswahili ama hakusimama na kitu. Ni ajabu kidogo kwamba wanahistoria wengi wa siasa zetu huorodhesha vyama, makabila na wakuu wa vyama, lakini hawaitaji lugha iliyowawezesha watu hao wote kusikiliza hotuba moja.

Uchaguzi mkuu wa mwaka 1963 ulifanyika kati ya tarehe 18 na 26 Mei. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza nchini ambapo kila mtu mzima aliruhusiwa kupiga kura. Mwaka 1961 mpigakura alilazimika kuwa na sifa fulani, kama vile kujua kusoma na kuandika, kuwa na umri wa miaka zaidi ya 40 au kuwa na kipato kilichowekwa na sheria. Sasa masharti hayo yaliondolewa, na maelfu ya watu ambao hawakuwahi kushika karatasi ya kura wakaitwa kuamua. Isitoshe, hawakuitwa kupiga kura moja. Katiba ya majimbo ilidai wachaguliwe wajumbe wa Bunge la Jimbo, wajumbe wa Seneti na wajumbe wa Bunge la Wawakilishi, katika siku mbalimbali.

Hapo ndipo ulipohitajika mpiga debe wa kujitolea. Mgombea angeweza kuhutubia mkutano siku ya Jumapili na watu wakashangilia, lakini makofi hayatumbukizwi sandukuni. Lazima mtu apite katika vyumba vya wafanyakazi jioni, baada ya king'ora cha kazi, akahakikishe kwamba majina yamo katika daftari la wapigakura. Lazima aeleze tofauti ya kura ya jimbo na kura ya taifa kwa mtu aliyechoka anayetaka kula na kulala. Lazima afundishe alama, kwa sababu wengi hawakujua kusoma jina la mgombea: jogoo wa KANU alichorwa, akaigwa kwa sauti, akainuliwa kwa vidole hewani mpaka watoto wa mitaani wakamjua kuliko wazazi wao. Siku ya kura ilipofika, mpiga debe aliamka kabla ya jua ili kuwaamsha wengine, kisha akasimama kando ya foleni akihesabu nyuso. Kazi hii haikuwa na mshahara. Waliokuwa na matumaini walitarajia uhuru utawakumbuka, na waliokuwa na imani hawakutarajia chochote. Tofauti baina ya makundi haya mawili haikuonekana mwaka 1963. Ilionekana baadaye.

Kwa nini mji wenye Wagikuyu wengi kiasi kile ulimpokea Mjaluo? Jibu la haraka ni kwamba chama kilimweka na watu wakafuata chama. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Jina la Oneko lilikuwa limesomwa pamoja na la Kenyatta kizimbani Kapenguria. Kwa maskwota na vibarua waliopoteza ndugu katika miaka ya Hali ya Hatari, mtu aliyefungwa miaka tisa kwa ajili ya jambo lao, ilhali hakuwa wa damu yao na angeweza kujitenga, hakuwa mgeni. Wapiga debe hawakuhitaji kueleza zaidi ya hapo. Oneko akawa Mbunge wa Mji wa Nakuru kwa tiketi ya KANU, huku KADU kikilitwaa Bunge la Jimbo ambalo Moi alikuja kuwa rais wake. Katika serikali ya Madaraka ya tarehe 1 Juni 1963, Kenyatta alimteua kuwa Waziri wa Habari, Utangazaji na Utalii.

Tarehe 12 Agosti mwaka huo Kenyatta alifika Nakuru kuwahutubia walowezi, akawasihi wabaki na kulima na kusahau yaliyopita. Hotuba hiyo husifiwa mpaka leo kwa busara yake, na ni haki kuisifu. Lakini ilitolewa katika mji ambamo, nje ya ukumbi, waliishi wasio na ardhi ambao kura zao zilikuwa hazijatimiza miezi mitatu tangu kupigwa. Ahadi kwa walio ndani na matarajio ya walio nje havikuwa kitu kimoja. Mbunge wa mji alikuwa mtu aliyekwenda Paris kwa ajili ya wale wa nje.

Katika wizara yake jambo kubwa lililotendeka ni kutaifishwa kwa shirika la utangazaji mwaka 1964, likageuzwa kuwa Sauti ya Kenya, idara ya serikali. Wakati huo ilionekana kuwa hatua ya kawaida ya nchi huru kumiliki sauti yake. Oneko hakuweza kujua kwamba alikuwa akikinoa kisu ambacho kingemkata yeye mwenyewe.

Mgogoro ndani ya KANU ulihusu ardhi zaidi ya kitu kingine. Kaggia, mwenzake wa Kapenguria, aliondoka serikalini mwaka 1964 kwa kushikilia kwamba wasio na ardhi wapewe bila ya kuilipia. Makamu wa Rais, Jaramogi Oginga Odinga, alikuwa upande huo. Mwezi wa Machi 1966 mkutano wa chama uliofanyika Limuru uliifuta nafasi ya Odinga ya makamu wa rais wa chama na kuweka manaibu wanane wa mikoa. Odinga alijiuzulu serikalini Aprili, akaongoza chama kipya cha Kenya People's Union, KPU. Oneko alimfuata. Aliacha uwaziri, aliacha chama, na kwa kufanya hivyo akaachana na Kenyatta, ambaye jina lake lilikuwa nusu ya sifa zake mwenyewe machoni pa Nakuru.

Bunge lilipitisha upesi, mwishoni mwa Aprili, marekebisho ya katiba yaliyomlazimu kila mjumbe aliyehama chama kurudi kwa wapigakura. Ndivyo ulivyozaliwa ule Uchaguzi Mkuu Mdogo wa Juni 1966, wa viti 29 vya Bunge la Wawakilishi na Seneti.

Mtu afikirie hali ya mpiga debe wa Nakuru wakati huo. Miaka mitatu nyuma alikuwa amewafundisha majirani zake kwamba jogoo ndiye uhuru, na kwamba Kenyatta na Oneko ni kitu kimoja. Sasa alitakiwa achague. Akibaki na jogoo, itambidi amwite msaliti mtu aliyemnadi kwa mapenzi yake yote. Akimfuata Oneko, itambidi awafundishe watu alama mpya, fahali wa KPU, katika muda wa wiki chache, bila ya ofisi wala magari, na chifu akimtazama. Leseni ya kufanya mkutano ilitolewa na mkuu wa wilaya, na kwa KPU leseni zilikuwa adimu. Redio, ile ile Sauti ya Kenya, haikuwa na nafasi kwa waziri wake wa zamani.

Lililokuwa zito zaidi halikuwa vitisho. Serikali ndiyo iliyokuwa ikigawa mashamba yaliyonunuliwa kwa walowezi, na mtu asiye na ardhi katika viunga vya Nakuru alijua kwamba jina lake lapaswa kupita mikononi mwa maofisa kabla ya kupata ekari moja. KPU kilimwahidi ardhi ya bure kutoka upinzani. KANU kilikuwa na ardhi ya kulipia, lakini ilikuwa mkononi. Si haki kumlaumu maskini kwa kuchagua kilichoko mkononi. Wala si haki kusema, kama wengine wanavyosema kwa wepesi, kwamba Wagikuyu wa Nakuru walimkataa Oneko kwa kuwa ni Mjaluo, kwani Kaggia, Mgikuyu wa Murang'a, alishindwa vilevile nyumbani kwake Kandara. Lakini ni kweli pia kwamba kampeni ya 1966 iliwafundisha watu kuihesabu KPU kama chama cha kabila moja, na matokeo yakaonekana kuthibitisha somo hilo: kati ya viti 29 KPU ilipata 9, vingi vikiwa vya Nyanza. Oneko hakuwa miongoni mwa waliorudi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kubanwa. Katika uchaguzi wa mabaraza wa 1968 karatasi za wagombea wa KPU zilikataliwa kote nchini kwa madai kwamba hazikujazwa sawasawa. Tarehe 25 Oktoba 1969, miezi michache baada ya Tom Mboya kuuawa, Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali. Ghasia zikazuka, polisi wakapiga risasi na watu wakafa. Siku tano baadaye KPU kilipigwa marufuku na viongozi wake wakatiwa kizuizini. Oneko alikaa humo mpaka mwaka 1975. Ukijumlisha na ile tisa ya mkoloni, ni takriban miaka kumi na mitano ya maisha yake iliyopotelea kizuizini, na zaidi ya theluthi moja yake ilikuwa chini ya serikali ya mtu aliyesimama naye kizimbani.

Vyama vingi viliporuhusiwa tena, Oneko, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini, alisimama katika uchaguzi wa Desemba 1992 kwa tiketi ya FORD-Kenya, akachaguliwa. Safari hii haikuwa Nakuru. Alichaguliwa Rarieda, kwao. Huenda hapana ajabu kwa mzee kurudi kwao, lakini katika miaka ile thelathini siasa za nchi zilikuwa zimempeleka kila mtu kwao, na mgombea wa kutoka Uyoma asingepata tena kwa urahisi wapiga debe katika mitaa ya Bondeni na Kivumbini. Muhula wake ulikwisha mwaka 1997. Mwaka huo huo, kabla ya Bunge lile kuvunjwa, ndipo sheria iliyomtaka mwanasiasa kuomba leseni ya mkutano kwa mkuu wa wilaya ilipobadilishwa, ikabaki kutoa taarifa tu kwa polisi.

Achieng Oneko alifariki nyumbani kwake Kunya, Rarieda, tarehe 9 Juni 2007. Alikuwa wa mwisho kati ya wale sita wa Kapenguria. Mwezi wa Desemba mwaka huo Kenya ilifanya uchaguzi mkuu, matokeo yake yakapingwa, na mwishoni mwa Januari 2008 mapigano yakaingia mitaa ya Nakuru. Majirani waliulizana majina na lugha kabla ya kuachana au kuuana. Waliotoroka nyumba zao walijaa katika uwanja wa maonyesho ya kilimo na katika Uwanja wa Afraha, wakisubiri mabasi na malori ya kuwarudisha kila mmoja kwao, wengine wakielekea magharibi, kwenye barabara ile ile iendayo Nyanza.